Nondo jike hanukii mpaka kichwa kiruhusu

Niseme mapema kabla watu hawajaja na matani, nondo ninayemwongelea hapa sio ile ya kumwagia zege wala sio zile nondo mnazoshusha kwenye midahalo, ni yule mdudu wa usiku anayejigonga kwenye taa ya barazani mpaka poda ya mabawa inakumwagikia kwenye chai. Na hasa yule mama wa kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na mwaka uliofuata tu akawa keshafika kwetu Tanzania, akakuta mahindi yako mezani.

Mi ni mkulima wa simu. Shamba liko Mvomero, mi niko Dar, na anayelima kweli ni bamdogo wangu, mimi kazi yangu kutuma hela na kuuliza "mvua imenyesha?" Masika moja nikanunua mitego miwili ya feromoni, yani harufu ambayo wadudu wanaitana nayo, ile ya ndoo yenye kifuniko cha kijani na tundu la njano, ndani unaning'iniza kizibo kidogo cha mpira kilicholoweshwa harufu ya nondo jike, dume anakuja mbio anazunguka zunguka anadumbukia, kwisha. Asubuhi unahesabu. Cha kwanza niliponunua duka moja hivi walinipa vizibo ambavyo nadhani vilikaa dirishani juani miezi, wiki nzima tulipata nzi wawili na buibui, lakini hiyo tuiache, vya pili vilikuwa vizima.

Sasa Jumamosi moja niko shamba, bamdogo kamwaga mzigo wa usiku kwenye ungo, nondo kumi na kitu, wote wana lile doa jeupe kwenye ncha ya bawa, maana dume ndo ana mapambo, jike ni kijivu tu mwanzo mwisho. Akaniuliza, "Baba, hawa wote madume?" Nikamwambia ndio bamdogo, hicho kizibo kina harufu ya jike. Akakaa kimya akakichukua kizibo akakinusa (hausikii kitu, pua zetu hazimo kwenye hayo mambo), akasema, "Kwa hiyo jike mwenyewe naye ananuka hivi kutwa kucha? Huyo si popo wangemmaliza wote." Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ndio, ananuka tu, ndivyo alivyoumbwa, kama ua.

Nilikosea. Na nilikosea vibaya, kwa sababu kumbe hilo swali la bamdogo ndo lilelile waliloligombania wanasayansi kwa miaka mingi.

Yani habari ya harufu yenyewe ilijulikana mapema. Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake walichukua karibu miaka 20 na nondo jike wa hariri kama nusu milioni, wakawakata tezi za mkiani, wakachuja wakachuja mpaka mwaka 1959 wakatangaza kemikali moja wakaiita bombikoli. Hiyo ndo feromoni ya kwanza kujulikana muundo wake, na neno feromoni lenyewe lilitungwa mwaka huohuo. Sawa. Lakini nani anaiwasha hiyo harufu? Miaka ya 1960 kulikuwa na hoja ambayo ukiisikia unaikubali haraka: mende jike anaishi muda mrefu, anazaa kwa awamu, kwa hiyo anahitaji homoni za kumwambia sasa nukia sasa acha, lakini nondo mkubwa anaishi siku chache tu, ametoka kwenye pupa na mayai yameshaiva, huyo homoni ya nini? Anukie tu basi afe. Yani jibu langu kwa bamdogo, ila limevaa koti la maabara.

Hoja ikakaa mpaka 1984. Ashok Raina na Jerome Klun walikuwa kwenye maabara za wizara ya kilimo ya Marekani, Beltsville, jimbo la Maryland, wanafanya kazi na nondo wa funza wa mahindi wa kule kwao, Helicoverpa zea, ambaye ni ndugu wa damu na huyu wetu anayetoboa vitumba vya pamba kule Shinyanga. Walikuwa wanajua kwamba ukipima tezi ya jike mchana hukuti feromoni ya maana, ukipima usiku unaikuta. Wakafanya kitu ambacho mi nakiona kitamu kwa sababu hakihitaji mtambo wa mabilioni, walichukua uzi wakamfunga nondo shingoni, kati ya kichwa na kifua, wakakaza. Mdudu ukimfunga shingo hafi palepale kama kuku, maana hapumulii mdomoni, anapumua kwa vitundu vya ubavuni, anaendelea kuwepo. Giza likaingia, wakapima tezi, hakuna kitu. Tezi ipo, mafuta yapo, giza lipo, harufu hakuna. Kisha wakachukua ubongo wa nondo wengine wakausaga, wakamdunga yule aliyefungwa shingo, na tezi ikaanza kupika harufu. Ukimdunga mchana kweupe pia inapika. Tena ubongo wa dume nao ukiusaga unafanya kazi hiyohiyo, dume ambaye hana hata hiyo tezi!

Kwa hiyo kuna kitu kinatoka kichwani kinashuka mpaka mkiani kutoa amri. Mwaka 1989 ndo wakakikamata chenyewe: mnyororo mdogo wa protini wenye amino asidi 33, na mwaka huohuo Wajapani wakapata wa kwao kwenye nondo wa hariri, nao 33. Kifupi chake ni PBAN, jina refu mtanisamehe, maana yake ni nyuropeptidi inayoamsha utengenezaji wa feromoni. Na kiasi kinachotosha kumwasha jike mmoja ni pikomoli mbili mpaka nne, hesabu ambayo hata kuiandika kwa sifuri naona uvivu. Halafu kati ya hizo 33, zinazobeba ujumbe ni tano za mwisho kabisa. Ukizitengeneza hizo tano peke yake ukamdunga, bado tezi inakuelewa, kwa uvivu kidogo lakini inakuelewa. Ni kama mtu kakupigia salamu ndefu ya Kipwani, hujambo habari za watoto habari za mvua, kumbe shida yake iko kwenye sentensi ya mwisho, "nikopeshe elfu tano".

Inatoka wapi hasa? Nilikuwa nasema ubongo ubongo lakini wenye kazi yao watanirekebisha, inatengenezwa zaidi kwenye fundo la neva lililoko chini ya koo, pale umio linapopita, inasafirishwa mpaka kwenye vitezi nyuma ya ubongo vinaitwa kopora kadiaka, hapo ndo inamwagwa kwenye damu. Damu ya mdudu haina mishipa ya kupita kama yetu, inaogelea tu tumboni inaosha kila kiungo, kwa hiyo homoni ikishamwagwa inafika mkiani yenyewe. Kulikuwa na waliobisha wakasema hapana, amri inashuka kwa waya wa neva, na kwa baadhi ya nondo neva zina mchango wake kweli, ila mwaka 2003 kipokezi cha PBAN, yani kile kitasa ambacho homoni inakigonga, kilipopatikana kwenye seli za tezi yenyewe, upande wa damu ukapata nguvu sana.

Tezi iko kati ya pingili ya nane na ya tisa ya tumbo, ni ngozi laini tu iliyojikunja. Na hapa ndo penyewe, kwa sababu malighafi ya manukato haya ni mafuta. Mafuta kabisa. Seli inaanza na asidi ya palmitiki, ambayo imepewa jina kutokana na michikichi, ndiyo iliyojaa kwenye mawese ya Kigoma, ina kaboni 16 kwenye mstari. Nondo anaitengeneza mwenyewe mwilini, sio kwamba anakunywa mawese. Kisha vimeng'enya vinaanza ushonaji, kimoja kinapinda mnyororo mahali fulani, kingine kinakata kaboni mbili, zinabaki 14, kikipita tena zinabaki 12, kingine kinabadilisha mwisho wake uwe pombe au asetati. Pindo likiwa mahali tofauti kidogo tu ni spishi nyingine, dume hakugeukii. Kiwavijeshi vamizi anategemea zaidi asetati ya kaboni 14 iliyopindwa kwenye namba tisa, lakini bila kuichanganya na chembe ya ile ya kaboni 12 iliyopindwa namba saba mtego wako utadorora. Ndo maana kizibo cha kiwavijeshi hakikamati kantangaze wa nyanya, msiniulize tena.

PBAN ikigonga kipokezi, kalsiamu inaingia ndani ya seli, na baada ya hapo kila ukoo una njia yake. Nondo wa hariri kabla hajatoka kwenye pupa ameshajaza vidonge vya mafuta kwenye seli za tezi, kama mama aliyekwangua nazi mapema akaweka, homoni ikija kazi yake ni kuvunja ile akiba na kuharakisha hatua ya mwisho. Ukoo wa funza wa mahindi amri inagonga mwanzo wa mstari, pale mafuta yanapoanza kutengenezwa. Matokeo ni yaleyale, dakika zinapita, harufu inatoka.

Nina shangazi yangu Tanga, marehemu sasa, alikuwa anafukiza udi baada ya Isha tu. Chetezo kipo siku nzima kabatini, udi upo, mkaa upo. Ukimwambia shangazi fukiza saa sita mchana anakuangalia kama umechanganyikiwa, mchana kuna sufuria za kusugua na wageni wa kila aina wanapita, udi utamfukizia nani? Nilipokuwa nasoma haya mambo nilimkumbuka sana. Jike wa nondo naye ana chetezo mkiani lakini anasubiri giza, na sio giza lolote, ana saa yake. Kiwavijeshi vamizi kule Amerika ana makabila mawili, la mahindi na la mpunga, kwa sura huwezi kuwatofautisha, la mahindi shughuli zake ni mapema usiku na la mpunga ni usiku wa manane kwenda alfajiri, kwa hiyo wanaishi eneo moja na wanapishana kama zamu za walinzi.

Na giza peke yake halitoshi. Hii ndo iliniacha hoi zaidi ya zote. Mwaka 1992 Raina na wenzake walionyesha kwamba majike wa mwituni wa yule funza wa mahindi, sio waliozoea maabara, wanagoma kutoa harufu mpaka wasikie harufu ya ndevu za mahindi. Hata kuligusa hindi sio lazima, hewa yake tu inatosha. Na moja ya vitu kwenye hiyo hewa ni ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, ile bibi alikuwa anaifungia kwenye shimo na majani akivundika mkungu bila kujua jina lake. Kwa hiyo jike ananusa kwanza chakula cha watoto, antena zinapeleka habari kichwani, kichwa kinamwaga PBAN, ndipo tezi inapika. Hataki mume kabla hajaona shamba. Mi nimemwambia bamdogo hii akacheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe sisi ndo tumepanda mahari.

Wale wanaohama mbali wana breki nyingine tena. Kuna ndugu yake kiwavijeshi huko Amerika Kaskazini ambaye siku zikiwa fupi na baridi jike anachelewesha kabisa habari za kuita dume, kwanza asafiri. Mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba wa kuiachia breki hiyo ni kopora alata, vitezi vinavyotoa homoni ya utoto, ukivitoa jike haiti wala hatengenezi harufu, ukimrudishia homoni kwa sindano anaendelea na maisha. Mwenye macho ataona jina la nyumbani hapa. Thomas Odhiambo, Mkenya, alienda Cambridge kusoma kwa Wigglesworth ambaye ni mmoja wa waliofungua mlango wa homoni za wadudu, akachunguza jinsi vitezi hivyohivyo vinavyotawala ukomavu wa nzige dume wa jangwani, kisha akarudi na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, Nairobi. Watu wanamkumbuka kwa kujenga taasisi na ni haki yake, lakini mi napenda kukumbusha kwamba kabla ya majengo alikuwa mtu wa vitezi vidogo kuliko punje ya chumvi.

Kuzima je? Dume akishampanda jike, pamoja na mbegu anamwachia protini nyingine, na kwa yule funza wa mahindi ndani ya masaa machache tu feromoni inashuka chini kabisa na jike anaacha kuita. Yani dume anaondoka na funguo. Kwa nondo wa hariri habari ya kwamba ameshapandwa inapandishwa kichwani kwa neva, na kichwa kinaacha kumwaga. Njia tofauti, chetezo kimezimwa.

Sasa ukidhani hii homoni ni ya mapenzi tu, subiri. Jeni ileile inayotoa PBAN kwa nondo wa hariri inatoa pia homoni ya kulaza mayai, mama akiwa nayo mayai yanalala mpaka msimu mwingine. Halafu mnawajua viwavijeshi wakiwa wengi wanakuwa weusi tii, lakini akiwa mmojammoja ni wa kijani? Wajapani walikuwa wanatafuta homoni inayowatia weusi viwavijeshi wa Asia wanapobanana, wakaipata, wakaisoma herufi moja moja, na ilipofika 1990 ikajulikana kuwa ile waliyoitoa kwenye nondo wa hariri ni PBAN yenyewe. Kitu kilekile kinachomfanya mama anukie usiku kinampaka mtoto rangi akiwa kwenye msongamano. Na ndugu wa hiyo peptidi, wenye zile amino asidi za mwisho zinazofanana, walikutwa kwa mende wakikaza utumbo. Mi huwa nashangaa watu wanavyoulizana "homoni ya kitu gani", kwani chumvi ni ya mboga gani?

Najua swali linalofuata, kwa nini tusitengeneze dawa ya kuziba hiyo PBAN, tusahau sumu. Watu wamejaribu miaka, wametengeneza peptidi bandia za kukaa kwenye kipokezi na kukifunga, kwa sindano zinafanya kazi. Shida nani atawadunga nondo wa Mvomero mmojammoja? Ukipuliza haipenyi gamba vizuri, akiila tumbo linaimeng'enya kama ugali. Kwa hiyo kwa sasa tunatumia bidhaa, yani harufu yenyewe, sio swichi ya kichwani. Na hata bidhaa tuitumie kwa akili, mtego kazi yake kubwa ni kukupa taarifa. Kwa yule kiwavijeshi wetu wa asili Tanzania ilishawekwa mitego ya feromoni wilayani, unahesabu madume, unaangalia na mvua, unatoa tahadhari kabla viwavi hawajaonekana. Kumaliza mdudu kwa kukamata madume ni ndoto, dume mmoja aliyebaki anapanda majike kadhaa. Bamdogo hilo alilielewa haraka kuliko mimi, anasema ni kama kufunga jogoo ukitegemea kijiji kikose vifaranga.

Mwaka huo nilibeba pupa tatu kutoka shambani, nikaziweka kwenye ndoo ya rangi yenye udongo, juu chandarua, nikaiweka stoo Kiluvya. Mmoja akatoka jike. Usiku wa kwanza alikaa tu. Usiku wa pili kama saa tano nikaingia na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu ya pipi, nikamkuta ameng'ang'ania chandarua, mabawa kayainua kidogo, ncha ya tumbo inatokeza kitu cheupe laini, inaingia, inatokeza. Nilisimama pale nadhani nusu saa miguu inaliwa na mbu. Mwanangu akaja akawasha taa kubwa ya stoo kuuliza natafuta nini, na jike akaurudisha mkia ndani, akalaza mabawa, basi, hakuna kilichotokea.

Kizibo hakina hiyo adabu. Wiki ile nilikuwa nimerudi na vizibo viwili nimevisahau kwenye dashibodi, pakiti imefunguliwa, na nilikuwa nimeendesha kutoka Mvomero mpaka Chalinze vioo wazi, jua la saa saba, nikasimama nikala mahindi ya kuchoma kando ya barabara na mashamba pande zote. Hakuja hata mmoja. Harufu ilikuwepo, tena ya kutosha majike maelfu, ila madume nao wana saa yao na saa saba mchana wamelala. Nikafika nyumbani, nikapaki, nikasahau kioo kimoja wazi, na majirani wana vijishamba vya mahindi viwanjani.

Asubuhi mke wangu alifungua gari kuwapeleka watoto shule, akaniita. Kulikuwa na madume saba ndani, wanne kwenye dashibodi, wengine kwenye kiti cha nyuma, wote na lile doa jeupe kwenye bawa. Akanusa gari lote, kiti mpaka buti, akasema hakuna harufu ya kitu chochote humu, hawa wamefuata nini?